Mwololo Akimngoja Mama Yake

Kama uliwahi kupita Satellite, huku kwetu Nairobi, miaka ile, ukaona msichana mrefu mwenye sweta ya kijani amesimama kando ya barabara, uso ameuinua juu kama anasoma kitu kilichoandikwa mawinguni, basi ulimwona Kasyoka. Wengi walimwona. Wengine walidhani anaomba. Wengine, Mungu awasamehe, walidhani akili zake si sawa. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta mmoja tu wa mabati kati yetu, na najua alichokuwa akiangalia. Alikuwa akiangalia kama kutanyesha.

Ilianza akiwa mdogo. Pale Dagoretti Corner kuna ofisi ya serikali inayoshughulika na mambo ya mvua na upepo, na alasiri nyingine watu wa pale huachilia puto jeupe, kubwa, limefungiwa kisanduku chini yake. Linapanda polepole, halina haraka na mtu. Siku moja Kasyoka na mama yake, Ndunge, walikuwa wakipita hapo wakitoka kliniki, mtoto akaliona. Akauliza linaenda wapi. Ndunge alikuwa amechoka, akamwambia, "Linaenda kuuliza mvua itakuja lini." Alitaka tu anyamaze. Lakini mtoto hakunyamaza. Alitembea mpaka nyumbani akiangalia juu, akajikwaa, akaamka, akaendelea kuangalia juu, na ukiniuliza mimi, nitakwambia hakushuka tena kutoka kule.

Sisi wanawake wa ploti, wapangaji wa ua mmoja, tulimfanya mtu wetu wa kutuambia habari za nguo. "Kasyoka, nianike leo?" Yeye angetoka nje, aangalie upande wa vilima vya Ngong, afikirie kidogo na kusema, "Anika, lakini usiende mbali." Mara nyingi ilikuwa kweli. Mara moja ilikuwa uongo, na blanketi za ploti nzima zikanyeshewa tukiwa kanisani. Kuanzia siku hiyo Shiku, rafiki yake wa mlango wa tatu, akampa jina la Serikali. Alisema ni kwa sababu alituahidi jua na jua halikuja.

Sasa nikwambie juu ya baba yake, kwa maana bila yeye hadithi hii haina miguu.

Mwololo alifanya kazi kule kichinjioni Dagoretti. Alikuwa mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Akitoka kazini alioga kwanza, nyuma ya nyumba, hata kukiwa na baridi ya Julai, na hakuingia kwake mpaka anuke sabuni. Mama yake mzazi alikuwa amefariki huko Ukambani kabla huyu binti hajazaliwa. Jina lake lilikuwa Kasyoka. Kwa hivyo msichana wa kwanza alipokuja, akapewa jina hilo, kama ilivyo desturi yao. Na yetu pia sisi Wakikuyu, mimi nafahamu jambo hili. Mtoto akipewa jina la nyanya yake hapewi jina tupu. Anaingia mahali pa yule mtu.

Mwololo hakuwahi kumwita binti yake Kasyoka. Alimwita mwaitu, ndiyo kusema mama. Wababa wengi husema hivyo kwa mapenzi tu, halafu kesho yake wanamchapa. Mwololo hakuwa hivyo. Hakumtuma dukani. Angesema, "Mwaitu, unaonaje tukipata chumvi?" na ungeona mtoto wa miaka sita akifikiria jambo hilo kwa makini kabla ya kuchukua pesa. Nyama ikiletwa, kipande cha ini kilienda kwake kwanza. Sauti ya Mwololo ya kukemea ilikuwa ya watoto wengine wawili, wale wadogo; kwake haikufika. Tulicheka. Ndunge mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi niliolewa nikapata mama mkwe, nikamzika, halafu nikamzaa tena. Nani ameonewa kama mimi?"

Basi ikafika Novemba ya mwaka wa 2006. Utaikumbuka kwa ile mvua. Ilinyesha mpaka miti ya mikaratusi ya Riruta ikawa inatiririka hata mawingu yakishaondoka. Kasyoka alikuwa akimaliza kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa karibu, na ni wakati ule wanafunzi huchagua masomo ya miaka miwili ya mwisho, yale yatakayowapeleka chuo kikuu au yawaache njiani. Mwalimu Mbaluka, aliyefundisha fizikia, akamwita nje ya darasa. Akamwambia kwa upole kwamba mwaka ujao somo hilo halitakuwako. Waliolichagua ni wachache sana, na yeye mwenyewe anahamishwa.

"Na bila fizikia," Kasyoka akauliza, "mtu anaweza kusomea mambo ya hewa?"

"Hawezi," mwalimu akasema. Hakumpaka mafuta.

Lakini alikuwa ameshamtafutia njia. Kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana upande wa Machakos, kule Ukambani, ina maabara, na nafasi moja ya kidato cha tatu ilikuwa wazi. Kanisa letu lilikuwa limekubali kusaidia na karo. Kilichobaki ni jibu, na jibu lilitakiwa kabla shule hazijafungwa. "Nenda ukazungumze na watu wako," akamwambia.

Ndunge alikuwa akipika chakula cha mchana katika ofisi moja huko Hurlingham. Jioni hiyo alirudi maua ya jakaranda yamemshika kwenye soli za viatu, yale ya zambarau, akayaacha mlangoni petu kama nyayo. Alimsikiliza binti yake huku akivua viatu. Halafu akasema, "Mimi sina neno. Ukienda nitakuombea, ukikaa nitashukuru. Lakini neno la nyumba hii liko kwa baba yako. Ngoja aseme."

Mwololo aliambiwa wakati wa kula. Aliacha tonge kwenye sahani, akamwangalia binti yake, akasema, "Nimesikia, mwaitu." Akamaliza kula. Akaenda kulala.

Kesho yake hakusema kitu. Siku iliyofuata pia.

Sijui kama umewahi kuishi jirani na nyumba inayongoja. Hata vijiko vinalia tofauti. Kasyoka akawa anatoka asubuhi na mapema, ukungu bado umekaa chini, unaona kichwa na mabega yake tu yakielea kwenda shule. Jioni alikuja kukaa kwenye jiwe langu la kufulia. Haangalii juu. Anaangalia mikono yake.

"Mama Lornah," akaniuliza, "mtu akinyamaza, huwa ni hapana?"

"Inategemea ni nani amenyamaza," nikamwambia.

"Baba."

"Baba yako amenyamaza tangu nimjue, na hajakataa kitu."

Akatabasamu kidogo, lakini tabasamu halikutoka moyoni. Hapo Shiku akatokea na sufuria ya maji ya moto.

"Niaje, Serikali. Umeamua?"

"Bado."

"Basi usiamue. Huko bweni wanaamka kabla ya kuku, na githeri wanayokula iko na mawe. Halafu mimi nitakaa dawati na nani? Na Stacy? Yule huandika akinipiga na kiwiko."

"Si ukuje pia."

"Nifuate physics? Mimi nimechukua Biashara na nimelala usingizi." Akaweka sufuria chini. Sauti ikashuka. "Lakini ukienda utakuwa ukiniandikia, ama utajifanya mtu wa Machakos?"

Kasyoka akamsogezea nafasi. Wakakaa hapo wote wawili kwenye jiwe moja, wamesukumana mabega, mpaka maji ya Shiku yakapoa.

Jumamosi Mwololo akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya. Alivaa koti lake la kanisani, akamwambia binti yake, "Mwaitu, unaonaje tukienda mjini?" Hakusema kufanya nini. Walienda mpaka lile jumba refu la mikutano, ambalo watu wanaruhusiwa kupanda hadi juu kwa lifti. Mwololo ameishi Nairobi tangu ujana wake na hakuwa amewahi kulipanda. Yaliyotokea huko Kasyoka alinieleza baadaye, na alinieleza kama mtu anayeeleza ndoto, kwa hivyo nami nitakwambia hivyo hivyo.

Alisema kwamba huko juu kulikuwa na upepo usio na vumbi. Magari yalikuwa chini lakini sauti yao haikufika yote, ilifika kama nyuki. Upande wa magharibi aliona Hurlingham, paa zimezama ndani ya miti ya zambarau, halafu mbele zaidi nyumba zikawa ndogo, zikawa moshi, na moshi huo ndio ulikuwa kwetu. Ndani yake kulikuwa na mama yake na ndugu zake na jiwe langu la kufulia, na hakuona hata kimoja. Nyuma ya yote, Ngong. Alisema kwa mara ya kwanza aliyaona mawingu kutoka ubavuni badala ya chini, na akatamani kunyoosha mkono.

Baba yake akamzungusha polepole, kwa mabega, mpaka wakaangalia mashariki. Huko kulikuwa na vilima vya buluu vya upande wa Machakos, mbali sana.

"Huko ndiko," akasema.

"Naona, baba."

Wakasimama. Mwololo akavua kofia kwa sababu ya upepo, akaishika kifuani. Kasyoka alingoja aseme. Na baba yake naye alikuwa amesimama tu, amemwinamia kidogo, kama mtu anayesubiri kusikia. Mlinzi akaja akawaambia kuna watu wengine wanataka kupanda. Wakashuka. Mwololo akamnunulia mahindi ya kuchoma, wakarudi nyumbani.

Jumapili baada ya ibada, Mwololo alikuwa juu ya kiti changu akinitengenezea mfereji wa paa, uliokuwa ukinimwagia maji mlangoni. Mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu. Lakini nilikuwa nimekaa kanisani nimesikiliza mahubiri yote nikimfikiria yule mtoto, na nikaona afadhali niseme kuliko kuketi tena hivyo mbele ya Mungu.

"Baba Kasyoka," nikasema, "shule zinafungwa wiki hii."

"Najua, Mama Lornah."

"Na mtoto hajapata jibu."

Nyundo ikasimama. "Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwako. Kwani baba yake ni nani?"

Akageuka pale juu ya kiti, akaniangalia kama mtu ambaye ameulizwa jambo la aibu. "Wewe ni mtu mzima, Mama Lornah, unajua hii mambo. Mimi nimwambie mwaitu nini? Toka? Kuna mtu hufukuza mama yake? Na akitaka kwenda, nitamzuia na mkono gani? Nimenyamaza ndiyo apate nafasi ya kusema. Hata nilimpeleka juu kule mjini, nikafikiri huko hakuna watu, atasema. Hakusema."

"Yeye anafikiri umekataa."

"Nimekataa?" Akashuka kwenye kiti. Aliketi juu yake, nyundo kwa magoti, na nikaona uso wake ukizeeka kidogo hapo mbele yangu. "Mimi sijakataa kitu. Mimi namngoja."

"Basi mwambie hujakataa."

Alifikiria sana. "Nikimwambia hivyo, nitakuwa nimemsukuma mlangoni. Siwezi, Mama Lornah. Mdomo wangu hautafunguka kwa hiyo maneno."

Na nilimwamini. Niliingia ndani nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia Mungu kwamba hawa ni watu wawili wanaopendana mpaka hakuna anayeweza kusema, na kama ni mapenzi yake nitoe neno, anipe dogo, lisimwumize mtu. Sikusikia sauti. Lakini niliinuka nikiwa nimetulia, na hilo kwangu ni jibu.

Kesho yake jioni mvua ilituma upepo mbele, na Kasyoka akaja kunisaidia kuanua. Tukiwa tumeshika shuka moja, yeye pembe zake na mimi pembe zangu, nikamwambia, "Baba yako hajakataa. Anamngoja mama yake aseme."

Mikono yake ikasimama. Shuka lilijaa upepo katikati yetu, likapanda, likashuka.

"Kwa hivyo si yeye anaamua," akasema.

"Hapana."

"Ni mimi."

"Ni wewe. Lakini si kama mtoto."

Alikunja shuka, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kitabu. "Mama Lornah, nikwambie ukweli? Nataka kwenda. Nalala nikiona hiyo maabara na sijawahi kuiona. Lakini nataka pia aseme nibaki. Kidogo tu. Nisikie akisema." Macho yake yalikuwa upande wa nyumba yao. "Na nikienda, atamwita nani mwaitu? Alishafiwa na mmoja."

Nilimshika shingoni, hapa nyuma, kama ninavyowashika wangu, nikamwacha aende.

Siku iliyofuata Ndunge aliniita tupukuchue njegere za sherehe ya akina mama wa kanisa. Tulikuwa tumekaa sakafuni, sinia katikati, mvua inapiga mabati kwa sauti ndogo, ile ya kubembeleza. Mwololo akaingia akinuka sabuni. Akakaa kwenye kigoda chake. Wale wadogo wawili walikuwa wamelala chali kwenye kochi wakihesabu sauti za matone.

Kasyoka akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa amejifunga leso ya mama yake mabegani. Akaja akasimama mbele ya baba yake, wima.

"Mwololo," akasema.

Njegere zikanidondoka. Hakuna mtoto anayemwita baba yake kwa jina. Katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye haki hiyo, na alikuwa amezikwa.

Mwololo akavua kofia. "Naam, mwaitu."

Alizungumza kwa Kikamba, polepole, akichagua maneno, kwa maana yeye ni mtoto wa Nairobi na Kikamba chake ni cha kukopa. Ndunge alinitafsiria baadaye, lakini mengi niliyaelewa palepale.

"Nimefikiria," akasema. "Shule ya hapa haina kitu ninachotafuta. Nitaenda ile ya upande wa nyumbani, nikasome miaka miwili. Si kwamba nyumba yako imenikosea."

"Nimesikia, mwaitu."

"Nilingoja useme. Halafu nimeelewa unaningoja mimi. Basi nimesema."

"Nimesikia."

"Utavaa sweta asubuhi ukienda kazi. Wewe si kijana. Na Ndunge usimnyamazie kama ulivyoninyamazia."

"Hapo amesema kweli," Ndunge akanong'ona, na alikuwa akifuta macho kwa upindo wa kanga.

Mwololo akainama, akafungua viganja vyake viwili na kuviweka mbele ya binti yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwake hili halikuwa mchezo hata kidogo. Kasyoka alisita. Nafikiri hakuwa amewahi kufanya, alikuwa amesikia tu. Akainama, akatema mate kidogo sana, kama ukungu, kwenye kiganja kimoja, kisha kingine, kama mama wa kwao anavyombariki mwanawe. Mwololo akajipaka usoni, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Alibaki amefunika macho. Mvua iliendelea. Wale watoto kwenye kochi walikuwa wameketi, midomo wazi.

Halafu Kasyoka akakaa chini palepale sakafuni, leso ikamwanguka, na chini yake alikuwa na sweta yake ya shule iliyopasuka kiwiko. Akaanza kulia, si kwa sauti. "Baba," akasema kwa Kiswahili, "lakini naogopa."

Mwololo akatoa mikono usoni. Alimwangalia kama mtu ambaye amegeuka akakuta mgeni ameingia nyumbani bila kubisha. Aliangalia ile sweta. Aliangalia magoti yake membamba.

"Kasyoka," akasema.

Ndunge aliacha kufuta macho. Alinigeukia, akaniangalia, na mimi nikamwangalia.

"Inuka hapo chini. Sakafu ni baridi." Sauti ilikuwa ngumu kidogo, kama mlango ambao haujawahi kufunguliwa. "Mimi pia ningetaka ubaki. Lakini umesema utaenda, utaenda. Januari nitakupeleka mimi mwenyewe. Sasa kaa kwa kiti ule."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza kama una njaa. Ndunge, mpakulie."

Alipakuliwa. Alikaa kwenye kiti, akavuta kamasi, akala. Baba yake alisogeza kigoda karibu, akamwangalia tonge kwa tonge, na alipotaka kuacha, akamwonyesha sahani kwa kidole. Mimi na Ndunge tukarudi kwenye njegere zetu, kwa maana zilikuwa bado nyingi.